Skuta Haina Hitilafu

Mbaruku alipima betri ya skuta, akaikuta imejaa. Akapima nyaya, swichi na mota, vyote vizima. Lakini kila akiipanda yeye, inazima. Mkewe alipoipanda, ikawaka.

“Si mbovu, Baba Tunu,” mkewe alicheka. “Imekukataa wewe tu!”

Mbaruku hakucheka. Ile sheria mpya dhidi ya wanafiki, iliyopitishwa bungeni kwa makofi, ilisema skuta izime ikiendeshwa na aliyeripotiwa kwa uchochezi, na wa kumripoti awe mtu wa nyumbani mwake tu. Nao, tangu Tunu aolewe, walibaki wawili.

“Mama Tunu, miaka thelathini nimekula kwa mkono wako. Uliwaambia nini?”

Mkewe akamvalisha kofia ngumu, akamfunga kamba yake kidevuni taratibu, kama anayemvika mtoto.

“Panda nyuma nikupeleke, mume wangu. Mkutano wenu leo uko wapi?”