Jina la Mama Thuwaiba

Tangu kesi za majirani zianze kuamuliwa na raia kwa kura za simu, Zeyana alikuwa ameshitakiwa kwa harufu ya vitunguu na kwa kucheka kibarazani, na zote alishinda. Aliyemshinda ni Mwanakombo, jirani asiye na mtoto. Alidai kwamba anaumia kuitwa jina lake tupu katika mtaa ambao kila mwanamke ni mama fulani. Aliomba aombwe radhi. Raia wakampa jina: yeye ndiye Mama Thuwaiba sasa, na Zeyana abaki Zeyana.

“Usininunie, shoga,” alisema Mwanakombo, aliyekuja zahanati kupima presha. “Mimi niliomba niombwe radhi tu.”

“Ungeomba sufuria, wangekupa na mume,” Zeyana alijibu kwa uchovu. Bintiye Thuwaiba alikuwa mapajani mwake, anachemka homa.

Mlango ukafunguliwa. “Mama Thuwaiba! Mlete mtoto.”

Zeyana alikuwa ameshanyanyuka. Muuguzi akatazama majina kwenye kioo cha kompyuta yake, akatikisa kichwa.

“Samahani, dada. Anayeingia na mtoto ni mama yake tu.”

Mwanakombo akasimama polepole, macho chini, akanyoosha mikono kumpokea.