Asali ya Tindwa

Hapo mlima Tindwa ulipokuwa na sifa, Mama Nyuki alitengeneza asali nyeupe iliyoitwa kwa jina la mlima.

"Lisajili jina hilo, mama," Kobe alimsihi.

"La nini? Nani asiyejua ni letu?"

Nyegere, ambaye hajawahi hata kunusa ua, akalisajili yeye.

Siku ya soko, Mbwa askari akaukamata mtungi wa Nyuki. "Bandia hii!"

"Bandia? Mimi nimezaliwa Tindwa!"

"Jina lina mwenyewe, bibi. Yule pale."

Nyegere alikuwa akiuza sukari guru iliyoyeyushwa. Swala akaonja, akatema. "Kumbe Tindwa ndiyo hii? Sinunui tena!"

Asali ya Nyuki ikamwagwa mtaroni. Alirudi mlimani, akawakuta wanawe wangali mauani, wakifanya kazi kwa bidii.