Bando Lililoishia kwa Salamu

Bi Mboni alinunua bando la wiki nzima kwa ajili ya simu moja tu. Bintiye aliye ng'ambo, aliyejifungua mtoto wa kike majuzi, angepiga kwa video amtajie jina la mjukuu.

Simu ilipoita, ua ulikuwa umejaa majirani, na majirani hawakukubali kupitwa na salamu. Huyu aliuliza hali, yule aliuliza baridi ya huko, na Bi Tausi alitaka aonyeshwe mtoto, baba mtoto, kisha mtoto tena. Simu ilizunguka mikono yote kabla ya kumrudia mwenyewe.

“Haya mwanangu, nitajie.”

“Mama, tumemwita...”

Picha ikaganda. Ujumbe ukaingia kwamba bando limekwisha.

“Bando la wiki limeishia kwenye shikamoo?” Bi Tausi alifoka. “Wezi wakubwa hawa watu wa mtandao! Nipeni namba yao niwape vidonge vyao!”

Bi Mboni hakumsikiliza. Alikuwa akiitazama midomo ya bintiye, imebanwa, kama inayotaka kufunguka. Kwao mjukuu wa kwanza wa kike huweza kupewa jina la bibi yake, wazazi wakipenda.

Aliinuka, akaingia chumbani na kusimama mbele ya kioo cha kabati. Kabla picha haijapotea, aliishika simu karibu na shavu lake. Taratibu akaanza kulitamka jina lake mwenyewe, na midomo yake ilipokutana, akaiacha hivyo hivyo, ikilingana na ya bintiye.