Ndoo ya Nyani

Nyani aliishuku damu ya ukoo wake, maana kwao wote walikuwa na huzuni. Ili achunguze kama huzuni hurithiwa, akamtumbukiza Panya kwenye ndoo ya maji, aone kama atapambana au atakata tamaa. Panya hakuhangaika kuogelea. Alielea tu, akimkodolea macho.

"Amekata tamaa, kama mama yake nilipomtia humu," Nyani akasema. "Kumbe huzuni hurithiwa!"

"Sina huzuni, mzee," Panya akajibu. "Mama alinifundisha nisijichoshe, maana mwishowe huwa unatutoa mwenyewe. Ninayemshuku ni wewe. Unatesa wenzako, halafu unashangaa kwa nini kwenu hakuna anayecheka. Kazi hii ulifundishwa na nani?"

"Na baba," Nyani akasema, akamtoa Panya na kuyamwaga maji.