Kijiwe cha Binti Fuko

Hapo kale, chini ya ardhi, Binti Fuko aliwasihi kaka zake waliotamani nguvu: "Anzeni kwa kuinua kijiwe. Mgongo unyooke, mpumzike, ndipo muongeze."

"Vijiwe ni vya watoto, dada," walimcheka. Siku moja wakalivamia jiwe kubwa la mlangoni, migongo imepinda. Likawaponyoka, likaziba shimo nao wakiwa ndani.

Binti Fuko, aliyekuwa nje, hakuliweza. Akaanza na kijiwe, akihesabu kwa sauti, akiongeza kidogo kidogo. Kutoka chini kaka zake wakahesabu pamoja naye, kwa utiifu asiowahi kuuona.

Mwezi wa tatu akaliinua lile jiwe. Ndani akakuta mifupa mikavu ya kaka zake, migongo imenyooka, kila mmoja amekumbatia kijiwe.

"Dada," sauti zikauliza, "sasa tuongeze?"