Sufuria Haipatikani

Fundi wa mapazia alibonyeza simu mara ya nne, na mara ya nne sufuria ikagoma.

Sufuria yenyewe ilikuwa upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima kutoka kwenye cherehani yake. Ilikuwa ya umeme, ya kisasa, inayotii amri za simu. Kila siku ya kazi, ikitimu saa sita na nusu, alifungua programu, akaangalia uzito wa kilichotiwa asubuhi, akachagua muda, akaiwasha. Binti yake akirudi kutoka shuleni saa nane anakuta chakula kimeiva na sufuria imeshajizima. Hakuna kiberiti, hakuna mtu wa kukaa jikoni akikodolea macho maharage. Leo simu ilirudia neno moja tu: Sufuria haipatikani.

"Labda umeme umekatika," alisema Bi Pindo, jirani yake wa cherehani, aliyepewa jina hilo kwa sababu pindo zake hazikuwahi kwenda upande. "Au mtandao. Vitu hivi vya kuwasha kwa kidole, vikinuna vimenuna."

"Isipopika, watawasha jiko."

"Si wawashe! Jiko kazi yake nini?"

Fundi hakucheka. Bi Pindo akajiuma ulimi, maana habari ile aliijua. Miaka mitano nyuma, fundi aliacha maji yakichemka jikoni, akatoka mlangoni kusema maneno mawili na jirani, yakawa kumi. Binti alikuwa na miaka miwili. Aliuvuta mpini wa sufuria. Aliungua kifua, akalazwa miezi miwili. Hii ya umeme, yenye kifuniko kinachojifunga, ilinunuliwa wiki ile ile mtoto alipotoka hospitali. Fundi ndiye aliyeiunganisha na simu yake, akaapa kwamba mwanawe hatakaribia moto tena maisha yake yote.

Na simu ilikuwa hiyo hiyo. Kioo kimepasuka kona hadi kona, chaji inakaa kwa kubembelezwa. Karakana nzima ilimtania kuhusu ile simu, lakini hakuthubutu kuibadilisha. Aliogopa programu isije ikamuuliza namba ya siri upya.

"Hivi kule nyumbani wanajua kama ni wewe unayepika?" Bi Pindo aliwahi kumuuliza.

"Wanadhani inajiwasha yenyewe."

"Sasa mbona huwaambii, angalau wakushukuru?"

"Waache tu, dada."

Kupitia programu ile alijua mengi. Alijua siku za wali na siku za maharage. Alijua siku walizochelewa kufungua kifuniko, akawa na wasiwasi mpaka jioni. Tangu mwezi uliopita uzito wa chakula ulikuwa umepanda, akajiambia binti anakua, sasa anakula vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake ya siku. Ilikuwa furaha ndogo na alilijua hilo, ila nyingine hakuwa nayo.

Ilipofika saa saba kasoro robo alikuwa amebonyeza mara tisa.

"Basi piga simu uulize," alisema Bi Pindo.

"Hawapokei."

"Na baba mtoto?"

"Huyo ndiye hapokei kabisa."

Bi Pindo akasonya. "Wanaume hawa! Nenda mwenzangu, hayo mapazia mawili yaliyobaki nitakumalizia. Msimamizi akiuliza nitamwambia tumbo limekukata."

Alipanda pikipiki, yeye ambaye pikipiki alikuwa akiziogopa kama nini. Njia nzima aliona kitu kimoja: kiti kimesogezwa, mkono mdogo umenyooka, mpini. Alianza kumwomba Mungu, kisha akanyamaza. Siku ile pia aliomba, na alikuwa ameshachelewa.

"Ongeza mwendo, mwanangu," alimwambia dereva.

"Mama, nikiongeza tutafika wote wawili mochwari."

Foleni ikawashika kwenye daraja. Saa nane ikapita wakiwa pale pale, jua likiwachoma, yeye akibonyeza na kubonyeza kioo kilichopasuka. Moyoni alishakata tamaa. Alijua tu kwamba mambo yake huwa hayaendi vizuri, na hakuona sababu ya leo kuwa tofauti.

Alifika saa nane na dakika ishirini. Geti lilikuwa limerudishiwa tu. Kwenye kamba zilianikwa nepi, ndogo ndogo, nyeupe, akazipita mbio hata asizitazame. Dirishani ilitoka harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Jiko lilikuwa linawaka. Akakimbilia mlangoni, akagonga kwa ngumi mbili.

Binti ndiye aliyefungua, bado amevaa sare ya shule, kijiko mkononi. Alikuwa amerefuka; mara ya mwisho fundi kumwona, hata miaka mitatu alikuwa hajatimiza. Mbele alikuwa na pengo la meno mawili. Fundi akamkagua harakaharaka, uso, shingo, mikono yote miwili. Alikuwa mzima. Hakuungua popote. Fundi akapiga magoti pale pale kizingitini ili walingane kimo, akafungua kinywa amwite, lakini machozi yakatangulia.

Binti akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu kama alivyofundishwa.

"Shikamoo," alisema. Kisha akageuza shingo kuelekea jikoni. "Mama! Njoo, kuna mgeni mlangoni analia."