Baiskeli Isiyotembea

Lori lilipita tena, karibu kabisa, na Fundi hakupepesa macho.

Upepo wake ulimpindua ukosi, ukampiga mchanga mashavuni, ukaenda zake. Dereva aliyekuwa juu ya baiskeli alipiga yowe, akaukumbatia usukani kama mtu anayezama. Fundi alikishikilia kiti kwa nyuma mpaka akatulia, kisha akamsaidia kushuka.

"Mwingine," akasema.

Ndiyo kazi iliyowaleta, yeye na Mama, katika uwanja wa kampuni hii ya malori. Baiskeli ilifungwa kwenye vyuma, gurudumu la nyuma likizunguka hewani, haiendi popote. Dereva anapanda, anakanyaga pedali, na mwenzake anampita na lori vilevile wanavyowapita waendesha baiskeli mjini kila siku. Basi. Hakuna mtihani wala cheti.

Hakuna aliyemwuliza jina. Walimwona ana pampu mkononi na grisi kwenye kucha, wakamwita Fundi, naye akaitika. Mwenzake walimwita Mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na la kusema.

Baiskeli walikwenda kuinunua pamoja. Mama alitaka yoyote, ilimradi iwe imara. Fundi alilizunguka duka zima, akajaribu breki za kila moja, akachagua nyekundu, halafu akadai ifungwe kengele na taa ya nyuma. Muuzaji alicheka. "Baiskeli isiyotembea, dada, taa ya nini?" Fundi hakumjibu. Alingoja mpaka ikafungwa, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena.

Si kwamba alikuwa na kiburi. Hakuwa mtu wa maneno siku hizi. Alikula kwa kuwa chakula kimewekwa mezani, akalala kwa kuwa giza limeingia, na asubuhi Mama alipogonga mlango alichukua pampu yake wakaondoka.

Wa mwisho kupanda alikuwa dereva mnene waliyemwita Tingatinga, bingwa wa mizaha, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwacheka wenzake. Aliitazama baiskeli juu chini.

"Hii itanibeba, au itaniomba nishuke niibebe?"

Wenzake wakaangua kicheko. Akapanda, vyuma vikalia.

"Fundi, nishike vizuri. Nina watoto mimi."

"Nimekushika."

Lori likaja. Tingatinga alikuwa ameanza mzaha mwingine, ukamkatikia mdomoni. Kioo cha pembeni kilimpita sikioni kama kofi lililokosea shavu. Hakupiga yowe. Aliendelea kukanyaga pedali, mbiombio, kama mtu anayejaribu kuondoka pale.

"Limeshapita," Fundi alimwambia.

"Najua." Lakini hakushuka. Baadaye akauliza, bila kugeuka, "Hivi ndivyo tunavyowafanyia?"

Fundi aliutazama mgongo wake, shati lote limeloa. Alitafuta ndani yake kitu cha kumpa mtu huyu, huruma au hata hasira, chochote kile. Ilikuwa kama kupapasa kwenye kabati la nyumba iliyohamwa.

"Shuka taratibu," akasema. "Tanguliza mguu wa kushoto."

Ndipo Mama aliposimama. Siku zote alingoja wote wamalize. Moyo ukiwa bado unadunda, alikuwa akisema, ndipo sikio linapofunguka. Madereva walikaa juu ya matairi chakavu kivulini. Mama hakupaza sauti. Alisimulia kama mtu aliye jikoni na jirani yake.

"Mwanangu alikuwa na haraka asubuhi ile. Alichelewa kuamka, na mimi mwenyewe ndiye niliyemgombeza. Nilimwambia kazi haimngoji mtu. Akatoka mbio, hata chai hakunywa. Chai yenyewe haijapoa, polisi wakanipigia simu."

Mama akawatazama wote.

"Kati ya kioo cha lori na usukani wa baiskeli hapakuwa na nafasi hata ya kiganja. Kitanda chake nakitandika mpaka leo, na hakuna anayekilalia. Wanangu, nawaomba jambo moja tu. Mkimpita mtu wa baiskeli, mwachieni nafasi ya mtu mzima kulala. Kama nafasi hiyo haipo, kaeni nyuma yake. Mtachelewa. Cheleweni."

Fundi alikuwa amepiga magoti, anafungua nati za vile vyuma. Maneno hayo alishayasikia katika viwanja vingi, hata yamekuwa kama mvua juu ya bati la jirani. Nyuma yake karani wa kampuni, macho mekundu, alimnong'oneza mwenzake.

"Huyu fundi ana moyo wa jiwe. Hata chozi."

"Amezoea. Kwake ni kazi kama kazi nyingine."

Fundi alisikia. Akaendelea kufungua nati.

Madereva walianza kutawanyika kimyakimya, mmoja mmoja, kila mtu akitazama miguu yake. Tingatinga alibaki. Alisimama pale kwa muda, akijifuta uso kwa mkono wa shati, kisha akaja. Alipofika kwa Fundi akampa chupa yake ya maji amshikie, akampita, akaenda kuishika mikono ya Mama kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mama yangu," alisema. "Mimi simjui dereva yule. Lakini kwa niaba yake, nakuomba msamaha."

Mama aliitoa mikono yake polepole.

"Dereva yule ndiye mwanangu, na Jumapili nakwenda kumwona gerezani," alisema. "Aliyezika ni huyo uliyemshikisha chupa."